Nyumba Hii Haiuzwi, Lakini Bei Gani?

Mgeni anayetaka kujua habari za familia za Mchikichini, Dar es Salaam, asijisumbue kupiga hodi. Asome kuta. Nyumba ya kwanza imeandikwa kwa brashi ya haraka NYUMBA HII HAIUZWI. Ya pili imeandikwa hivyo hivyo, na chini yake ipo namba ya simu, sijui ya kazi gani kama kweli haiuzwi. Ya tatu ina alama ya X nyekundu ambayo mwenye nyumba ameizibia kwa picha ya mgombea udiwani, akijua hakuna mgambo atakayethubutu kumbandua mheshimiwa. Ya nne imeandikwa USIKOJOE HAPA, FAINI 50,000, na ukipita karibu pua inakujulisha kwamba kama faini ile ingekuwa inalipwa, mwenye nyumba angeshahamia Masaki. Ya tano imepakwa rangi ya kampuni ya simu kuanzia msingi hadi kwenye kenchi, bure kabisa, na mwenye nyumba anatembea kifua mbele akisema amekarabati.

Huo ndio uso wa nyumba zetu. Wenzetu wa Mbezi Beach na Mikocheni wana bogenvilia juu ya fensi na pevingi hadi getini. Sisi tuna maandishi.

Niwaeleze wale wanaosoma safu hii wakiwa mbali. Maandishi ya haiuzwi hayakuja kwa urembo. Mzee kafariki, kaacha nyumba moja na watoto wa mama watatu. Mmoja wa watoto hao, mara nyingi yule ambaye hajawahi kununua hata msumari wa bati, anapatana na dalali gizani na kuchukua advansi. Siku hiyo nyinyi mmekaa ukumbini mnakula, mnaona mtu asiyejulikana anaingia na futi kamba, anawaruka kwenye mkeka, anapima ukuta hadi ukuta, anaondoka bila hata kusema bismillah. Ndipo dada mkubwa anapochukua brashi na kuandika. Cha ajabu ni kwamba dalali wa mjini akiyaona maandishi yale roho yake inafurahi. Nyumba isiyo na maandishi wenyewe wanapatana, na wanaopatana hawauzi. Iliyoandikwa, ndani yumo mmoja anayesubiri kupigiwa simu.

Ya kwetu imeandikwa mara mbili, mbele na ubavuni, kwa kuwa shangazi hakuridhika na mwandiko wa kwanza.

Nyumba yenyewe ni ya Kiswahili, ile ya vyumba sita: vitatu kulia, vitatu kushoto, ukumbi katikati kutoka barazani hadi uani, na uani ndiko kuna choo, bafu, jiko na kamba za kuanikia. Kariakoo ya zamani ilijaa nyumba hizi, Ilala na Magomeni pia, kabla ghorofa hazijaanza kuzimeza moja moja. Warithi tuko tisa. Bati la chumba cha tatu kulia linavuja, na kundi la familia la WhatsApp limelijadili bati hilo kuanzia vuli hadi masika na kurudi tena vuli. Aliye Mwanza anasema mpangaji wa chumba hicho ndiye alipe, maana ndiye anayelowa. Aliye Muscat anatuma alama ya mikono ya dua. Kaka zangu wana hesabu yao ya kipekee: kodi ikija wanataka igawanywe kwa mirathi, wa kiume mafungu mawili, wa kike moja; bati likitajwa wanataka ligawanywe kwa vichwa. Mimi ninayeishi humo ndiye ninayeshika ndoo.

Lakini msidhani hatuna hela ya ukarabati. Hela ya rangi hupatikana, mradi kuna harusi. Zikibaki siku chache bibi harusi atolewe nje, michango inamiminika kutoka pande zote za dunia, na fundi rangi anaitwa. Ataupaka ukuta wa mbele peke yake, kwa sababu kamera ya harusi haizunguki ubavuni. Ukuta wetu wa mbele unaliwa na chumvi kuanzia chini hadi usawa wa goti. Unabonyeza plasta kwa kidole inamwagika. Fundi muungwana angekwangua, angepiga plasta upya, angesubiri ikauke. Fundi wetu anapaka juu ya chumvi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tumeupaka rangi ya krimu, na harusi ikafana.

Na huyo fundi rangi naye ana miujiza yake. Ndoo ya lita 20 inaingia nyumbani kwako ikiwa imefungwa na mfuniko wake. Inapakwa kwako, na siku ya pili unaona nyumba ya mtaa wa nyuma imetoka rangi ile ile. Ukimuuliza anasema rangi ya krimu siku hizi ni fasheni, mzee wangu.

Hata hivyo rangi ya mbele kwetu ni hasara tupu, kwa sababu mbele yenyewe haionekani. Baraza tumeikodisha. Upande huu yupo mama ntilie na masufuria yake, upande ule fundi cherehani, katikati kijana wa kutoa na kuweka pesa na mwamvuli wake, na juu ya wote hao zimening'inia suruali za mitumba. Tuko jirani na soko la mitumba la Karume, na soko lile halijawahi kujua mpaka wake. Januari 2022 liliungua moto, wafanyabiashara wakarudi majivu yakiwa bado ya moto. Jiji liliwajengea wamachinga jengo lao la ghorofa hapa hapa kwetu, Machinga Complex, na kwa miaka mingi vizimba vya juu vikakosa watu, maana mteja wa soksi hapandi ngazi. Anapenda soksi imfuate chini, barazani kwangu.

Oktoba 2021, wamachinga walipoondolewa pembezoni mwa barabara, kwa mara ya kwanza baada ya miaka tuliziona nyumba zetu uso kwa uso. Haki ya Mungu, tulitamani warudi haraka.

Usafi nao tunao, msituseme vibaya. Jumamosi ya mwisho wa mwezi mwenyekiti wa serikali ya mtaa anapita na kipaza sauti, maduka yanafungwa hadi saa nne asubuhi, na sisi tunatoka na makoleo. Tunazibua mtaro kwa bidii. Tope lote tunalitoa na kulirundika kwa heshima ukingoni mwa mtaro ule ule, halafu tunapiga picha na kwenda kunywa chai. Mvua ya kwanza inalirudisha tope nyumbani kwao. Na mvua ikizidi, wapo majirani wanaoona ndiyo nafasi ya kutapisha choo, kwani gari la kunyonya linataka fedha na mvua haitaki kitu. Mzigo unateremka wenyewe hadi Msimbazi Bondeni, ambako nako bado ni kata yetu, ukawakute wenzetu wa chini. Kisha tunakutana msikitini na kanisani tunaulizana kipindupindu kinatoka wapi.

Katika hali hiyo mama watoto akaniambia, "Baba watoto, mimi sasa nataka kukaa kwenye apatimenti. Nimechoka kuvaa kandambili za kuendea uani usiku."

Mtu wa kwanza kusikia matakwa ya mke wa mtu mjini hapa huwa ni dalali. Kabla sijajibu yupo mlangoni, simu tatu mkononi. "Bosi wangu, nina kitu cha ndoto zako. Vyumba viwili masta, sebule kubwa, jiko la kisasa, marumaru mwanzo mwisho, jipsamu juu, madirisha ya aluminiamu, umeme unajitegemea, maji hayakatiki, kutoka lami ni dakika mbili." Dakika za dalali hazipimwi kwa saa za kawaida. Na kabla ya kuiona ndoto unatoa hela ya kuoneshwa, isiyorudishwa hata kama ndoto imeshauzwa tangu wiki iliyopita.

Basi tukapelekwa Kariakoo. Jengo limevaa vioo vya bluu mwili mzima, linang'aa hadi unajiona ndani yake ukiwa na wasiwasi. Chini ni maduka. Ghorofa ya kwanza maduka. Ya pili hadi ya tano ni stoo za mizigo ingawa milangoni zina namba za nyumba za watu. Nikauliza lifti. "Lifti ipo, bosi." Kweli ipo. Ndani yake mlikuwa na marobota ya nguo na kijana aliyelala juu yake. Tukapanda ngazi. Mama watoto alianza kupanda akizungumzia mapazia ya sebuleni, tulipofika ghorofa ya sita akawa anazungumzia magoti. Nyumba yenyewe nzuri, sikatai. Marumaru zinateleza, jipsamu ina taa za rangi, na kwenye veranda unaiona Kariakoo yote, Jangwani na bonde la Msimbazi. Nikafungua bomba. Bomba likakohoa, likanyamaza. "Dawasa wameshapewa taarifa," akasema dalali, kama vile Dawasa ndio wanaopandisha maji ghorofa ya sita kwa mabega. Pampu ya jengo ilikuwa imeungua na hakuna aliyejua ni ya nani.

Bei nayo ilikuwa na adabu zake. Miaka yote nyumba hizi zilitajwa kwa dola, utadhani zimejengwa Texas zikaletwa kwa meli. Machi 2025 zikatoka kanuni za serikali kukataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Dalali wetu ni mtu wa kutii sheria. Alitaja bei kwa shilingi, kwa sauti ya juu, kisha akasogea karibu na kunong'ona ni sawa na dola ngapi.

Mama watoto akasema tukakope. Mkopo wa nyumba upo, na ripoti za Benki Kuu kuhusu soko hilo zimekuwa zikitaja riba ya asilimia 15 hadi 19. Piga hesabu mwenyewe ukiwa umekaa. Kwa riba hiyo unainunulia benki nyumba kwanza, ndipo unaanza kujinunulia yako, na ukimaliza umri wako ni wa kuomba chumba cha chini kwa sababu ya magoti.

Tuseme fedha umezipata. Unanunua nini hasa? Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya nchi hii ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Wewe unapewa hati ya kuikalia, isiyozidi miaka 99. Na kwa Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo ya mwaka 2008, mwenye kununua nyumba ndani ya ghorofa anapata hati ya ile sehemu yake, pamoja na fungu lake katika vitu vya wote: ngazi, lifti, paa, kuta za nje, mabomba, uwanja. Sheria ile ile inataka wenye sehemu wawe na chama chao, wachange, watunze hivyo vya wote. Dalali hakutaja hata herufi moja ya sheria hii. Alitaja jipsamu.

Nilipokuwa bado nikiitafakari sheria, akatokea tajiri nyumbani kwetu. Matajiri wa aina hii wanajulikana Kariakoo na Ilala yote. Huyu haji kununua, maana amesoma ukutani kwamba haiuzwi. Anakuja na ubia. Nyinyi toeni kiwanja, yeye atatoa saruji na nondo, nyumba ya vyumba sita ivunjwe, zipande ghorofa kumi. Yeye atachukua nane, familia mbili. Kikao cha warithi siku hiyo kilihudhuriwa na watu ambao hata kwenye matanga ya mzee hawakuonekana. Wa Muscat aliacha kutuma mikono ya dua, akapiga simu ya video. Kaka aliyegombana na bati miaka yote aliuliza kama ghorofa zitakuwa na lifti ya kwenda na ya kurudi.

Nikawauliza swali moja: bati la ghorofa ya kumi likivuja, nani analipa?

Ukumbi mzima ukanyamaza. Kisha wa Mwanza akajibu: "Si yule wa ghorofa ya kumi? Ndiye atakayelowa."

Hapo ndipo nilipoielewa biashara yote hii ya apatimenti. Ghorofa ni nyumba ya Kiswahili iliyosimamishwa wima. Ukumbi umegeuka ngazi, ua umegeuka paa lenye matangi ya maji, choo cha uani kimegeuka bomba moja kubwa la maji machafu linaloshuka katikati ya jengo zima. Wenyewe ni wale wale. Watu tisa tulioshindwa kununua bati moja tukiwa ndugu wa damu, tunataka kwenda kutunza lifti, pampu na tangi tukiwa na wageni thelathini waliokuja na mzigo kutoka Guangzhou.

Wala tabia hii ya kutojali vitu vya wote haikuanza kwetu. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha mijini, yale yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Vizazi viwili vya watu wa mjini vikakua vikijua kwamba chumba ni changu lakini ngazi ni ya Msajili. Taa ya kwenye ngazi ikiungua ni ya Msajili, bomba likipasuka ni la Msajili, hata panya aliyepita kwenye korido alikuwa panya wa Msajili, hakuna wa kumgusa. Msajili amekwenda zake. Hulka imebaki.

Vuka bonde la Msimbazi uone. Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua magorofa ya Magomeni Kota, makazi ya kaya 644 ambazo zamani zilikaa katika zile nyumba za kota zilizovunjwa. Wameanza kama wapangaji, na mpango ni wanunue. Ni majengo ya kupendeza, na ninawaombea heri. Lakini mpaka watu walioishi na mlango wao wa uani wazoee kuishi na mlango wa korido, yapo mambo ya kuzungumzwa. Kinu cha kutwangia kisamvu, je, kinatumiwa saa ngapi, na kwa ruhusa ya nani wa chini? Mkaa kwenye veranda? Maji ya dagaa yanamwagwa upande gani? Mbuzi wa Idd anapanda lifti au ngazi, na akipanda lifti nani anafagia? Msicheke. Hiyo ndiyo katiba ya jengo, na jengo lisilo na majibu ya maswali hayo litakuwa na maandishi ukutani kabla ya mwaka kuisha.

Kuchanga tunajua kukwepa, isipokuwa panapokuwa hapana mwanya. Angalia kodi ya jengo. Zamani ulikuwa unaletewa karatasi, karatasi inafungia vitumbua. Tangu mwaka 2021 serikali imeipachika kwenye LUKU ya umeme, na tangu mwaka wa fedha wa 2023/24 nyumba ya kawaida inakatwa shilingi 1,500 kwa mwezi, na ya ghorofa mijini 7,500 kwa kila ghorofa. Unanunua umeme, kodi inatangulia, uniti zinafuata zimenyong'onyea. Kisheria kodi ni ya mwenye nyumba. Kivitendo anayekatwa ni mpangaji mwenye giza, ambaye akimkumbusha mwenye nyumba ampunguzie kwenye pango anaambiwa, "Mwanangu, kwani umeme nautumia mimi?" Wenye ghorofa wanaodaiwa ada ya lifti wangekuwa wanakatwa kwenye LUKU, lifti zote za Kariakoo zingekuwa zinapanda leo.

Na utani una mahali pake pa kukoma. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya jiji, Mtaa wa Indira Gandhi, lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka la Kariakoo, asubuhi, watu wakiwa madukani, na waliokufa walikuwa zaidi ya 20. Habari za siku zile zilisema chini ya jengo kulikuwa na kazi ya kuchimba ili kupata nafasi zaidi ya biashara. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaunda tume ya kukagua majengo ya Kariakoo. Sisi wa Mchikichini tulikwenda kutafuta ndugu na jamaa, tukasimama nyuma ya utepe tukisikiliza waliokuwa wakipiga simu kutoka kwenye kifusi.

Jengo halianguki kwa sababu rangi imepauka. Linaanguka kwa mambo yasiyopigwa picha: nguzo, msingi, nondo zilizopunguzwa, ghorofa iliyoongezwa baada ya kibali kutoka, na mtu wa chini aliyeamua kuchimba bila kumuuliza wa juu. Hakuna dalali anayekupeleka kuangalia msingi. Na sisi wanunuzi hatujawahi kuomba kupelekwa. Tunapapasa marumaru, tunawasha taa za jipsamu, tunajipiga picha kwenye veranda na kuituma kwenye kundi la familia.

Nimemwambia mama watoto kwamba apatimenti sizikatai. Mji umejaa, viwanja vimebaki Kibaha na Chanika, na si kila mtu anaweza kuamka saa tisa usiku kuwahi daladala. Kukaa juu tutakaa tu. Ila kabla hujatoa hata shilingi ya advansi, fanya mambo yafuatayo, nayo hayahitaji mhandisi wala wakili, ingawa ukiwa nao ni bora zaidi.

Nenda usiku, wakati dalali amelala. Angalia ngazi kama ina taa. Panda hadi juu ya paa uone matangi na pampu, na umuulize mlinzi mara ya mwisho iliharibika lini na ilitengenezwa kwa fedha za nani. Walinzi hawajui kudanganya kuhusu pampu kwa sababu wao ndio wanaopandisha ndoo. Uliza chemba inanyonywa na nani. Uliza kama ghorofa zilizopo ndizo zilizo kwenye kibali. Uliza kama muuzaji ana hati ya sehemu yake au ana karatasi ya makubaliano yenye muhuri wa serikali ya mtaa tu, maana mwenyekiti wa mtaa ni mtu mwema, lakini hatoi hati. Mwisho, uliza kama chama cha wenye nyumba kipo, nani mweka hazina, na kikao cha mwisho kilikaa lini.

Ukijibiwa kwamba chama kipo, watu wanachanga, wanagombana, na mweka hazina anachukiwa na jengo zima, nunua haraka, hapo pana usalama. Ukijibiwa kwamba hapa tunaishi kindugu, hakuna michango wala vikao, shika mkono wa mkeo mshuke ngazi. Nyumba ya kukalia kindugu bila kuchangia bati sisi tunayo tayari, na hatudaiwi na benki.